Hesabu mapema, nunua kwa wakati: umeme wa jua kwenye jengo linalojengwa

Wiki chache zilizopita, katika kipindi cha asubuhi, tulipokea simu ya mama mmoja, mwalimu mstaafu. Anajenga nyumba ya wageni ya vyumba 8 nje kidogo ya mji wa Dodoma kwa fedha za mafao yake. Alisema hivi: "Mwanangu mtangazaji, nyumba yangu bado iko kwenye lenta. Nimeshanunua paneli 6 za sola, ziko stoo. Sasa muuzaji ananiambia nilipie na betri kabla bei haijapanda. Nilipie au nisilipie?"

Muda wa kipindi ulikuwa umebaki dakika mbili. Nilimjibu, "Mama, subiri kwanza, usilipie leo," nikamwahidi kwamba maelezo kamili nitayaandika hapa. Simu zilizofuata baada ya yake zilinionyesha kwamba si yeye peke yake mwenye swali hilo. Wengi wanaojenga sasa hivi, iwe nyumba ya kuishi, gesti, zahanati ya kanisa au hosteli ya wanafunzi, wanataka jengo litakalojitegemea kwa umeme na lisilochafua mazingira. Wanachokosea mara nyingi ni mambo mawili. Hawajui wanahitaji umeme kiasi gani, na hawajui kila kifaa kinunuliwe lini.

Nalisema hili nikiwa mmoja wao. Miaka michache iliyopita mimi na ndugu zangu tulichanga fedha tukamnunulia mzazi wetu betri 4 za sola kwa ajili ya nyumba tuliyokuwa tunamjengea. Tulizipata kwa bei nzuri, tukaziweka chumbani zikisubiri nyumba iishe. Nyumba ilichukua miezi 16 zaidi. Siku tulipoziunganisha, taa ziliwaka saa mbili tu zikafifia. Betri zilikuwa zimekufa zikiwa mpya, na muda wa dhamana ulikuwa umepita. Hakuna aliyetuibia. Tuliharibu fedha zetu wenyewe kwa kununua kitu kisichoweza kusubiri.

Kwa hiyo makala haya yana jambo moja kubwa: hesabu ifanyike mapema sana, kabla hata ya msingi, lakini ununuzi ufuate hatua za ujenzi.

Uniti ni nini hasa

Tuanze na kile ambacho kila mwenye LUKU anakijua. Uniti moja ya umeme ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa moja. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 100 nayo imekula uniti moja. Hesabu ni ileile: wati za kifaa, zidisha kwa saa zinazotumika, kisha gawanya kwa 1,000.

Wauzaji wengi huanza kwa kukuuliza, "Unataka paneli ngapi?" Swali hilo limeanzia mwisho. Swali la kwanza ni, "Jengo lako litakula uniti ngapi kwa siku?" Idadi ya paneli, ukubwa wa betri na ukubwa wa inveta vyote vinatokana na jibu hilo.

Kama tayari unaishi kwenye nyumba yenye umeme, risiti zako za LUKU za miezi 12 ndizo mwalimu wako. Jumlisha uniti zote ulizonunua, gawanya kwa siku 365. Chukua mwaka mzima, kwa sababu matumizi ya Oktoba kwenye joto kali na feni usiku kucha si sawa na ya Julai.

Lakini jengo ambalo halijaisha halina risiti. Hapo inabidi ukadirie, na makadirio mazuri yanaandikwa kwenye karatasi, kifaa kimoja kimoja.

Tuihesabu gesti ya mama

Hebu tuchukue nyumba ya wageni ya vyumba 8, siku ambayo vyumba vyote vimejaa.

Taa 20 za LED za wati 9, kila moja saa 5: uniti 0.9.
Televisheni 8 za wati 60, saa 4: uniti 1.92.
Feni 8 za wati 55, saa 7: uniti 3.08.
Friji 2, kila moja ikila uniti 1.2 kwa siku: uniti 2.4.
Pampu ya maji ya wati 750, saa 2: uniti 1.5.
Kamera, ruta ya intaneti na chaji za simu, wastani wa wati 50 mchana na usiku: uniti 1.2.

Jumla ni uniti 11 kwa siku.

Umeona kilichokosekana? Maji ya moto. Ile hita ya bafuni inayochemsha maji papo hapo inaweza kuvuta wati 4,500. Mgeni mmoja akioga dakika 8, amekula uniti 0.6. Wageni 16 ni uniti 9.6. Yaani kuoga peke yake kunakaribia matumizi ya jengo zima: taa, televisheni, feni, friji na pampu vikiwekwa pamoja. Ukijaribu kuendesha hita hizo kwa paneli na betri, gharama itakaribia kuwa mara mbili, na inveta italazimika kuwa kubwa mno. Dawa yake ni tangi la kupasha maji kwa jua moja kwa moja, lile linalokaa juu ya paa. Linatumia joto la jua bila kupitia umeme, na tangi lake lililofunikwa vizuri hutunza maji ya moto hadi asubuhi.

Sasa rudi kwenye zile uniti 11. Hizo ni za siku gesti imejaa. Je, itajaa kila siku? Tuseme wastani ni vyumba 5 kati ya 8. Friji na kamera hazijui idadi ya wageni, kwa hiyo uniti zao 3.6 hazishuki. Zile 7.4 zilizobaki zikishuka kwa kiwango cha vyumba 5 kati ya 8, zinakuwa uniti 4.6 hivi. Siku ya kawaida basi ni uniti 8.2.

Tofauti kati ya 11 na 8.2 ni fedha. Kama eneo lako halina gridi, huna budi kujiandaa kwa siku ya 11. Kama nguzo ya TANESCO ipo mlangoni, unaweza kujenga mfumo wa siku ya kawaida, na siku ya kujaa gridi ikakusaidia.

Kutoka uniti hadi paneli

Jua linawaka kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini saa 1 asubuhi halina nguvu sawa na saa 6 mchana. Wataalamu hulikusanya jua lote la siku na kulihesabu kama saa za jua kali. Mikoa yetu ya kati ina bahati, kwani ni kati ya maeneo yenye jua jingi nchini. Kukadiria saa 5 kwa siku ni kujihadhari, na kujihadhari ni jambo jema. Kama una simu yenye intaneti, kuna ramani za bure zinazokuonyesha jua la eneo lako: Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia na PVGIS ya Tume ya Ulaya. Unabofya mahali kiwanja kilipo, unaona takwimu mwezi kwa mwezi. Angalia mwezi mbaya kuliko yote, usiangalie wastani wa mwaka tu.

Kisha punguza. Si umeme wote unaozalishwa unafika kwenye taa. Joto hupunguza nguvu ya paneli, vumbi hufunika kioo, nyaya na inveta hula kidogo. Na sisi watu wa Dodoma na Singida tunalijua vumbi letu. Kadirio la kawaida ni kwamba utapata asilimia 75 ya kile kilichoandikwa nyuma ya paneli.

Kwa hiyo: uniti 11, gawanya kwa 5, kisha gawanya kwa 0.75. Jibu ni kilowati 2.9. Paneli 6 za wati 550 zinatoa kilowati 3.3. Kwa siku ya kawaida ya uniti 8.2, jibu ni kilowati 2.2, yaani paneli 4 tu.

Mama aliniambia paneli zake ni za wati 550. Kwa hesabu hii hakupunjwa. Paneli 6 zinatosha hata siku gesti imejaa, ilimradi maji ya moto yasipite humo.

Betri: unataka usiku mzima au kukatika tu?

Hapa ndipo penye fedha nyingi, na ndipo watu wanapouziwa wasichohitaji.

Kwenye gesti yetu, matumizi yanayoangukia usiku ni taa, televisheni, feni, na nusu ya friji na kamera. Jumla ni uniti 7.7. Betri za lithiamu hazimalizwi hadi sifuri. Tukihesabu kwamba asilimia 85 inatumika, unahitaji betri yenye uwezo wa uniti 9 hivi. Betri za risasi, zile za jeli au za maji, zinadumu zaidi usipozishusha chini ya nusu, kwa hiyo kwa kazi hiyohiyo utahitaji uniti 15 na zaidi.

Lakini hiyo ni kama unataka kuendesha usiku kucha bila gridi. Kama umeme wa TANESCO upo na shida yako ni kukatika jioni, hesabu inabadilika. Jioni taa zote, televisheni zote, feni, friji na kamera vikiwaka pamoja vinavuta wati 1,250 hivi. Umeme ukikatika saa 4, ni uniti 5. Betri ya lithiamu ya uniti 6 inatosha. Umeokoa theluthi ya fedha za betri kwa kujiuliza swali moja tu: betri hii ni ya kazi gani?

Inveta nayo isipimwe kwa matumizi ya siku. Inapimwa kwa vitu vinavyowaka kwa pamoja. Wati 1,250 za jioni ukijumlisha pampu ya 750 ni wati 2,000. Tena pampu na friji wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya wati zake kwa sekunde chache. Ndiyo maana fundi mzuri hapa atakushauri inveta ya kilowati 5, inayobeba mshituko huo na kuacha nafasi ya kuongeza paneli baadaye.

Punguza kwanza, ndipo ununue

Mwaka 2011 pale Gigiri, Nairobi, Umoja wa Mataifa ulifungua jengo jipya la ofisi zinazotumiwa na mashirika yake ya mazingira na makazi. Ni jengo la wafanyakazi wapatao 1,200, na lilisanifiwa lizalishe kwa mwaka umeme sawa na linaotumia. Paa lake lina paneli zenye eneo la mita za mraba 6,000, zikikadiriwa kutoa uniti 750,000 kwa mwaka.

Wengi wakiliona jengo lile hutazama paneli. Mimi naona funzo liko chini ya paa. Wasanifu walianza kwa kupunguza matumizi. Hewa inapita yenyewe katikati ya jengo bila viyoyozi, mwanga wa mchana unafika hadi ndani, taa zinajirekebisha zenyewe, na wafanyakazi wanatumia kompyuta mpakato zinazokula umeme kidogo. Baada ya hayo ndipo paneli zikahesabiwa.

Kwa anayejenga huku kwetu somo ni lilelile kwa gharama ndogo. Baraza pana linalokinga ukuta dhidi ya jua la mchana, madirisha yanayotazamana ili upepo upite, dari yenye nafasi ya kutoa joto chini ya bati, na taa za LED. Hayo yanafanyika kwenye ramani, na kila uniti unayoiondoa hapo hutaikuta tena kwenye hesabu ya paneli wala betri.

Nani asikimbilie sola? Mtu wa nyumba ndogo aliye kwenye gridi na asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anaweza kuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo wanaolipa bei nafuu sana kwa uniti. Kwake, fedha za mfumo wa sola zitachukua muda mrefu mno kurudi. Isitoshe, umeme wa gridi yetu nao una sehemu kubwa inayotokana na maji, hasa tangu Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Usijione huna mchango kwa mazingira kwa kuwa huna paneli. Gesti ya uniti 250 au 300 kwa mwezi ni jambo jingine: hapo akiba inaonekana.

Nini kinunuliwe lini

Sasa tufike kwenye ratiba. Nimeipanga kwa hatua za ujenzi wetu wa kawaida.

Kwenye ramani. Hapa hununui chochote, unaamua. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo upande mzuri wa paa ni unaotazama kaskazini. Tuko karibu na ikweta pia, hivyo paa lenye mwinuko mdogo likitazama mashariki au magharibi hupoteza kidogo tu. Kilicho kibaya zaidi ni kivuli. Usiruhusu mnara wa simtank, mwembe au ghorofa la jirani vitupe kivuli kwenye paneli mchana. Mwambie msanifu uzito wa paneli: moja ya wati 550 huwa na kilo 28 hadi 32, na sita zinachukua mita za mraba 16 hivi za paa, mbali na tangi la maji ya moto ambalo likijaa ni zito zaidi.

Msingi na kuta. Nunua vitu vya bei ndogo vinavyozikwa: mabomba ya kupitisha nyaya kutoka paa hadi chumba cha inveta, na nondo ya ethi ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini. Tenga chumba kidogo chenye hewa kwa ajili ya inveta na betri, kisiwe jikoni wala chini ya bati tupu. Mwambie fundi umeme atenganishe vifaa vya lazima na visivyo vya lazima kwenye boksi la breka, ili umeme ukikatika betri ihudumie taa, feni na friji, isije ikahudumia pasi. Kazi hii ikifanywa sasa ni ya siku moja. Ikifanywa baada ya plasta na rangi, ni kubomoa.

Kupaua. Nunua vyuma vya kushikilia paneli na uvifunge wakati fundi wa bati yuko juu. Kutoboa bati jipya baadaye ndiko kunakoleta paa linalovuja.

Kumalizia ndani. Hapa ndipo uombe profoma, angalau tatu, zote zikiwa na uniti zilezile ulizozihesabu. Ukimpa kila muuzaji swali tofauti, utapata bei zisizoweza kulinganishwa. Angalia bei hiyo inadumu siku ngapi. Paneli na betri vinaagizwa nje, kwa hiyo bei hufuata dola na gharama za meli. Angalia pia kalenda ya Serikali. Bajeti husomwa Juni, na mabadiliko ya kodi huanza kutumika Julai 1. Misamaha ya kodi kwenye vifaa vya sola inaweza kuguswa humo. Kama unanunua kati ya Mei na Julai, mkataba useme wazi ni nani atabeba mabadiliko ya kodi.

Wiki chache kabla ya kuhamia. Sasa nunua inveta na paneli, na mwisho kabisa betri. Zifungwe zote ndani ya siku chache, kisha zijaribiwe fundi akiwepo. Fundi awe na leseni ya EWURA. Kama unaweza kuchagua, kazi ya juu ya paa ifanyike kiangazi, kabla mvua za Desemba hazijaanza.

Kwa nini betri iwe ya mwisho? Sababu ni tatu. Kwanza, betri ya risasi ikikaa bila kutumika inajitoa chaji polepole, na ikikaa imeisha chaji inaharibika ndani. Inatakiwa ichajiwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita, jambo ambalo sisi hatukulifanya. Lithiamu inavumilia zaidi, lakini nayo inahitaji kuangaliwa, na joto la stoo ya bati linapunguza umri wake. Pili, dhamana mara nyingi huhesabiwa tangu siku ya risiti. Betri ya dhamana ya miaka 2 ikikaa stoo mwaka na nusu, umebakiwa na miezi 6. Tatu, ni mali inayobebeka. Eneo la ujenzi lenye vibarua wanaoingia na kutoka si mahali pa kuhifadhi kitu cha thamani hivyo.

Na ule wasiwasi wa bei kupanda? Shilingi ikishuka dhidi ya dola, bei ya mwezi mmoja inaweza kupanda kweli. Lakini mwelekeo wa muda mrefu wa paneli duniani umekuwa kushuka. Kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli zenyewe ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Betri za lithiamu nazo zimeshuka sana. Anayekuharakisha kwa hofu ya bei anajali mauzo ya leo.

Mwaka mmoja baadaye. Hesabu yako ya karatasi ilikuwa makadirio. Sasa una ukweli. Soma inveta na LUKU kwa miezi 12, linganisha na karatasi ya mwanzo. Kama paneli hazitoshi, ongeza; ni rahisi. Betri ni ngumu kidogo kuongeza, kwa sababu mpya ikiunganishwa na iliyochoka, iliyochoka huivuta mpya. Jambo jingine: kama unategemea kuiuzia gridi umeme unaobaki, pata kwanza masharti kwa maandishi kutoka ofisi ya TANESCO na EWURA. Hadi hapo, kwenye hesabu zako umeme unaobaki uhesabiwe kuwa sifuri.

Majengo makubwa yanayotafuta cheti

Baadhi ya wasikilizaji wetu ni wasimamizi wa hoteli, vyuo na ofisi kubwa, na wamesikia habari za vyeti vya majengo ya kijani. Viwili vinavyotajwa sana ni EDGE, cha shirika la IFC lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, na LEED, kilichoanzia Marekani.

EDGE inataka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji, likilinganishwa na jengo la kawaida la eneo hilo. Ngazi yake ya juu, ya kutochangia hewa ya ukaa, inataka kwanza uokoaji wa nishati wa asilimia 40. Baada ya hapo jengo liwe limetumika angalau mwaka mmoja, likiwa na watu kwa asilimia 75 au zaidi. Ndipo nishati yote iliyobaki ifidiwe kwa vyanzo jadidifu au kwa kununua fidia ya kaboni. Mnaona mantiki ni ileile ya gesti ya mama: ununuzi wa mwisho unasubiri matumizi halisi.

LEED inaruhusu jengo kununua umeme wa kijani uliozalishwa mahali pengine. Katika toleo la 2009, ilikuwa angalau asilimia 35 ya umeme wa jengo kwa mkataba wa miaka 2. Toleo la 4 lilipandisha hadi asilimia 50 au 100 ya nishati yote, kwa mkataba wa miaka 5 au zaidi. Ununuzi huo hufanyika kwa hati, na hati moja inasimama badala ya uniti 1,000 zilizozalishwa na jua, upepo au chanzo kingine jadidifu. Tuseme hoteli ya mita za mraba 4,000 inakadiriwa kula uniti 100 kwa kila mita kwa mwaka. Hiyo ni uniti 400,000. Nusu yake ni 200,000, yaani hati 200 kwa mwaka, na 1,000 kwa miaka 5.

Kosa linalojirudia hapa ni kusaini mkataba wa hati kwa kutumia ramani ya kwanza. Katikati ya ujenzi, ghorofa moja linaongezwa au viyoyozi vinabadilishwa, na kiasi kilichonunuliwa hakitoshi tena au kimezidi. Fungu la fedha liwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, lakini mkataba usainiwe makadirio ya mwisho yakishatoka, kabla nyaraka za kuomba cheti hazijawasilishwa.

Jibu kwa mama

Mama, kama unasoma, au kama mjukuu anakusomea, jibu lako ni hili. Paneli ulizonunua si hasara. Kati ya vifaa vyote, paneli ndiyo inayovumilia kusubiri. Zisimamishe wima kwenye maboksi yake, mbali na saruji na vibarua, na utunze risiti. Fedha za betri zibaki benki. Kwa sasa, zitumie kidogo kwa mabomba ya nyaya na ethi kabla fundi hajapiga plasta, na mwambie asisahau njia ya bomba la maji ya moto kutoka paani.

Muuzaji akikupigia tena, muulize betri hiyo ni ya uniti ngapi, na dhamana inaanza siku gani. Kisha mwambie utampigia gesti ikishapakwa rangi.

Nawe mwingine unayejenga, chukua karatasi leo, andika vifaa vyako kimoja kimoja kama tulivyofanya hapa. Ukikwama, tupigie wakati wa kipindi cha asubuhi, tutaihesabu pamoja hewani.